Anayeitwa Ndiye Aamke

Saa nane usiku, Newala. Ukungu umekaa dirishani
kama mgeni asiyeingia wala haagi.
Kesho mnada. Korosho zimejaa ghala hadi mlangoni,
na hapa, chumba cha nyuma cha chama kikuu,
seva inahema kama mtu aliyepanda kutoka bondeni na ndoo.

Nimewahesabu: wasikilizaji mia nne na kumi na wawili.
Kila karani na skrini yake, kila skrini na mkondo wake:
Mkoma isikie ya Mkoma, Malatu ya Malatu.
Ndivyo nilivyodhani.

Kumbe Somoe wa Malatu akipima gunia moja tu,
akabonyeza,
hifadhidata inapiga ukelele bwenini: Kuna ujumbe!
Na wote wanakurupuka, wanafikicha macho,
wanagombea kufuli moja, wanasoma foleni.
Si wangu.
Si wangu.
Si wangu.
Mia nne na kumi na mmoja wanarudi kulala,
na shuka halijafika kifuani, gunia la pili limeshapimwa.

Wangekuwa kumi, nani angejali?

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu nyumbani ilikuwa maji.
Yalikuja kwa mgao, na daima usiku.
Kijana wa bomba, Chinduli, alipita akigonga sufuria:
Maji! Maji! Maji!
Luchingu ikaamka yote, Mnaida ikaamka,
hadi wazazi wa jana wenye vichanga mgongoni,
ndoo zikagongana gizani, watu wakakanyagana vidole,
na maji yenyewe yalikuwa ya Mkunya.
Usiku mmoja mama alimzuia njiani, kanga ya kulalia kifuani:
"Mwanangu, kupiga kelele umeshajua.
Sasa jifunze kutaja."

Basi mimi, mtu mzima na shahada yangu, nikajifunza kutaja.
Nikafungua daftari katika kumbukumbu ya pamoja:
mkondo huu, wanaousikiliza ni hawa, nukta.
Ujumbe ukija, soma jina, gusa bega moja.
Na yule aliyelala ukurasa wa nyuma, foleni ikamsubiri?
Simwamshi. Namfunulia kurasa zisizo zake, polepole,
kama unavyomrudishia mtoto mto chini ya kichwa.

Jaribio la kwanza lilikwenda mbio za kutisha.
Mstari wa grafu ukalala chali. Nikacheka peke yangu.
Kisha simu: Nantila wa Mkoma, sauti kavu.
"Kaka, dakika arobaini skrini yangu haijasema neno.
Huko kwenu kuna msiba?"

Alianza kusikiliza nukta ile ile niliyokuwa nafunika daftari.
Jina lake likabaki nje, mlangoni, likinyeshewa.
Ukimya nilioushangilia ulikuwa na mtu ndani yake.

Nikarudi mezani. Jina liandikwe kwanza,
muhuri ufuate, si kinyume chake.
Mistari sita ya msimbo. Vikombe vinne vya chai ya tangawizi.
Aliyeamshwa bure atanuna, atalala tena;
lakini Nantila angeuziwa korosho zake
akiwa ametazama kioo kitupu.

Saa kumi. Nampimia Somoe magunia elfu kumi ya uongo.
Mmoja anaamka, anapokea, anajibu.
Wengine hawageuki hata ubavu.
Feni ya seva imeshusha sauti, na kwa mara ya kwanza msimu huu
nasikia kitu kingine: uani, bomba linakohoa hewa,
linatema kutu, linasafisha koo.

Zamu ya nani leo? Naangalia karatasi ukutani.
Natoka na viatu mkononi, napita milango mitano iliyolala,
nagonga wa sita, kwa kidole kimoja.
"Mama Achilamba. Ni yako."